Mwezi Mmoja Juu ya Ngazi za Simi

Zachariah Gitonga alikuwa mtu wa kusema sawa. Ukimwomba akupeleke uwanja wa ndege alfajiri, sawa. Ukimwomba akushikie shifti ya Jumamosi kwa sababu una harusi Burnsville, sawa. Mkewe, Velma, alikuwa akisema kwamba siku moja mtu atamwomba figo, na Zachariah atauliza tu aende hospitali gani. Hakuwa mjinga. Alizaliwa Chogoria, wa mwisho katika nyumba ya watoto tisa, akazoea kutumwa na kila mtu tangu alipojua kutembea. Alipofika Marekani aliona kwamba wanaokataa ndio wanaopunguziwa saa za kazi, basi tabia ikakaa.

Alifika Saint Paul mwaka 1988 kusomea uhasibu. Uhasibu ulimshinda, akachukua kozi fupi ya kuhudumia wazee, na kazi hiyo ndiyo iliyomweka mjini. Kufikia 1997 alikuwa na miaka thelathini na sita, ana grinikadi, anaishi kwenye fleti huko New Hope na Velma na binti yao Kendi, wa miaka mitano. Jioni alifanya kazi katika nyumba ya wazee iliyokuwa karibu na kwao. Asubuhi alivuka mji kwa Corolla yake kuukuu kwenda Saint Paul kumhudumia Mzee Tasos.

Mzee Tasos alikuwa Mgiriki. Kwa miaka arobaini aliendesha mkahawa mdogo wa mayai na viazi vya kukaanga, akazijua sura za mafundi bomba wote, polisi na madereva wa malori wa mtaa ule. Kisha alipata kiharusi, upande wote wa kulia ukafa. Zachariah alimwosha, alimvisha, alimfunga mshipi mpana wa kumnyanyulia na kumtoa kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Mwanzoni aliona haya. Kwao mwanamume hamwoshi mwanamume wa umri wa baba yake, na katika barua za nyumbani aliandika tu kwamba anafanya kazi ya hospitali. Lakini miaka miwili ya kuwa pamoja ni mingi. Mzee alikuwa na maneno, ingawa yalitoka nusu mdomo. Alimsimulia Kiingereza cha kwanza alichojifunza, ambacho chote kilikuwa majina ya vyakula. Zachariah naye alimsimulia habari za Chogoria, na Mzee akawa akiuliza kila mara kama kule pia kuna wajinga wanaokula mayai na sukari.

Mwezi wa tano, binti ya Mzee alikuja asubuhi moja akamkuta Zachariah akikunja mashuka. Jina lake Elaine, mwalimu wa shule, mkaazi wa Apple Valley, mama wa miaka hamsini ambaye siku zote alionekana kama ametoka kukimbia.

"Baba anataka kuona Simi kabla hajafa," alisema. Simi ndicho kisiwa alichozaliwa Mzee. "Shangazi yangu bado anaishi kwenye nyumba yao. Wiki tatu tu, Zach. Bila wewe siwezi hata kumpandisha kwenye ndege."

"Sawa," alisema Zachariah.

Jioni ile Velma aliweka mwiko chini. "Na shule, Baba Kendi?"

"Shule ni tarehe kumi na nane Agosti. Nitakuwa nimerudi tarehe moja."

"Umeingoja hiyo nafasi ya unesi miaka miwili. Barua imesema usipofika siku ya kwanza wanaipa mtu mwingine. Uliisoma ama niliisoma peke yangu?"

"Niliisoma, Mama Kendi. Nitakuwa nimerudi."

Jumapili iliyofuata, katika ibada ya Wakenya waliokuwa wakikutana kwenye kanisa la kukodi huko Burnsville, rafiki yake Jotham alisimama akatangaza kwamba ndugu Zachariah anakwenda kwenye visiwa vile vile alivyopita Mtume Paulo. Watu walipiga makofi. Akina mama walimwambia alete picha. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Huyu sasa amefika!" na kanisa zima likacheka. Zachariah aliona fahari, na akajiona kweli amefika.

Walitua Athene, wakachukua ndege ndogo hadi kisiwa cha Rodo, kisha meli. Meli ilipokata kona ya mwamba na kuingia kwenye bandari ya Simi, Zachariah alisimama pale alipokuwa ameketi. Nyumba za rangi ya manjano, za samawati na za udongo zilipanda mlima pande zote tatu, kila moja imekalia kichwa cha mwenzake, na chini yake maji yalikuwa safi hata vivuli vya mashua vilionekana vimelala kwenye mchanga. Hakuwa amewahi kuona kitu kizuri kiasi kile. Mzee Tasos, kwenye kiti chake, alikuwa akilia bila sauti.

Gatini wanaume wanne walikuwa wakiwangoja na kiti cha jikoni. Walimkalisha Mzee, wakamfunga kwa shuka, wakambeba kuelekea juu. Hapo ndipo Zachariah alipozielewa ngazi. Zilikuwa za mawe, pana, zimeng'aa kwa kukanyagwa, nazo ziliendelea na kuendelea. Yeye aliwafuata na kiti cha magurudumu begani. Elaine alihesabu mia tatu na themanini, kisha pumzi zikamwishia akaacha kuhesabu. Nyumba ilikuwa katikati ya mji wa juu. Kutoka mlangoni, ukitaka kushuka baharini ni ngazi, na ukitaka kupanda kwenye barabara ya basi ni ngazi vilevile. Kiti cha magurudumu kilipata kazi moja tu: kutoka kitandani hadi kwenye roshani, hatua nane.

Dada yake Mzee aliitwa Kaliopi. Alikuwa na miaka sabini na saba, mwembamba, amevaa nyeusi toka kichwani hadi miguuni. Alimkumbatia kaka yake kwa muda mrefu, na alipoambiwa jina la mgeni alipiga ishara ya msalaba akacheka. "Zaharías!" alisema, akimgusa kifuani. Kumbe lilikuwa jina la watu wao pia. Siku zile za mwanzo majirani walikuja wakiwa na maandazi ya asali na tini, Elaine alitafsiri, Mzee alishikwa mikono na watu ambao aliwaacha wakiwa watoto. Zachariah aliandika kwenye postikadi: *Mama Kendi, hapa ni kama picha.*

Siku ya sita Elaine aliondoka. Alisema lazima akaifungashe nyumba ya Saint Paul, maana imekwisha kuuzwa, na kwamba atarudi tarehe thelathini kuwachukua. Alimbusu baba yake, akashuka ngazi mbio, viatu mkononi.

Tangu siku hiyo Mzee Tasos hakusema tena neno la Kiingereza.

Zachariah alidhani anatania. "Mzee, unataka maji?" Mzee alimjibu kwa Kigiriki, kirefu, kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo linaloeleweka na kila mtu. Alijaribu tena kesho yake, na kesho kutwa. Akamtajia mkahawa, mayai, theluji. Mzee alimtazama kwa adabu. Lugha aliyoipigania miaka hamsini ilikuwa imemtoka mara moja alipopata mahali pa kuiweka chini. Zachariah alikuwa amewahi kusikia jambo hilo likisemwa kazini, kwamba wagonjwa wa kiharusi hurudi kwenye lugha ya mama, lakini hakuwa amefikiria kwamba siku hiyo yeye ndiye atakayebaki nje ya mlango.

Basi wakawa wanaishi nyumba moja watu watatu, na mmoja wao haelewi kitu. Ratiba ilikuwa ileile kila siku. Saa kumi na mbili asubuhi kumwosha. Saa mbili kumnyanyua hadi kwenye roshani. Saa nne jua linafika pale, kumrudisha. Kisha kumgeuza kila baada ya saa mbili, ubavu huu na ubavu huu, ili asipate vidonda vya kulala. Kaliopi hakuweza kumgeuza, kwani Mzee alikuwa na mifupa mikubwa na yeye hakuwa mzito kuliko gunia la makaa. Kwa hiyo Zachariah hakuweza kwenda popote. Muda wake ulikuwa saa moja unusu baada ya chakula cha mchana, wakati mji mzima umefunga madirisha na kulala, na jua limekaa juu ya mawe yale hata ukuta ukiushika unakuunguza. Akishuka hadi baharini, muda wa kupanda unamwishia. Hivyo alikuwa akienda ngazi kumi tu juu ya nyumba, kwenye duka la Mihalis.

Mihalis alikuwa ameishi Florida miaka kumi na mitano na wazamiaji wanaovuna sponji baharini, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri isipokuwa pale alipokasirika. Alimpa Zachariah kiti karibu na friji ya soda. Hapo ndipo penye mtu wa kuongea naye.

Asubuhi nzima bahari ilikuwa pale chini, ya samawati, imetulia, inaonekana yote kutoka kwenye roshani. Saa nne na nusu meli za watalii kutoka Rodo zilipiga honi zikiingia. Watu walipanda ngazi wakihema, kamera shingoni, wakasimama chini ya roshani kuipiga picha. Mara nyingine Zachariah alikuwamo kwenye picha hizo, amesimama na taulo begani. Mama mmoja wa Kimarekani alimpungia mkono akamwuliza kwa sauti, "Unaishi hapa? Una bahati gani!" Zachariah alitabasamu akasema ndiyo. Saa tisa honi zililia tena. Meli ziligeuka taratibu, zikapita kona ya mwamba, na maji yakafunga nyuma yao kama hakuna aliyepita. Alianza kuichukia honi ile ya saa tisa. Alikuwa akiingia ndani kabla haijalia, akajitafutia kazi jikoni.

Kwa kuwa kimya kilimlemea, alianza kuzungumza na Mzee kwa Kimeru. Haikuwa na tofauti. Akimwosha mgongo alimweleza habari za mama yake, na za ndugu yake aliyeuza ng'ombe asiye wake. Mzee alisikiliza, akajibu kwa Kigiriki, akacheka hata mahali pa kucheka. Kaliopi aliyekuwa akipita na ndoo alisimama mlangoni akawatazama wazee wale wawili, maana Zachariah naye alikuwa ameanza kujiona mzee, kila mmoja akizungumza lugha yake.

Jumapili tarehe ishirini na saba simu ililia ukumbini. Alikuwa Elaine.

"Zach, baba anaendeleaje?"

"Anakula vizuri. Analala vizuri. Hasemi Kiingereza tena."

"Ana furaha?"

"Nafikiri ana furaha."

"Ndiyo maana nimepiga." Sauti yake ilianza kwenda mbio. "Huku hana nyumba tena, unajua. Nikimrudisha ni moja kwa moja nyumba ya wazee. Siwezi kumtoa hapo ana furaha nikamweka kwenye chumba chenye dirisha la kuegeshea magari. Nimesogeza tikiti zenu hadi mwezi wa kumi. Nitaongea na wakala wako wa kazi. Utanifanyia hivyo, Zach? Sina mtu mwingine. Baba anakuamini wewe."

Zachariah aliitazama picha ya Mtakatifu iliyokuwa ukutani juu ya simu. Alifikiria viza yake, ya siku thelathini tu. Alifikiria tarehe kumi na nane. Alifungua mdomo kuyasema hayo, akasikia mdomo wenyewe ukisema, "Sawa."

Alipokata simu alibaki amesimama. Kisha alikwenda kwenye kibanda cha simu karibu na duka la Mihalis akampigia mkewe.

"Baba Kendi! Unaogelea?"

"Sijafika hata majini."

Velma alicheka. "Wacha uongo. Jotham ameniuliza kama utarudi mweusi kuliko ulivyoenda."

"Mama Kendi, wamesogeza tikiti."

"Nani amesogeza?"

"Elaine. Hadi Oktoba."

Kicheko kiliisha. "Ukamwambia nini?"

Zachariah alizungusha waya wa simu kidoleni.

"Zachariah," alisema Velma. Alikuwa hamwiti jina hilo ila mambo yakiharibika. "Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia sawa."

Alisikia redio ya nyumbani kwake, na Kendi akiuliza kwa Kiingereza ni nani huyo kwenye simu. Kisha Velma alisema polepole, "Mimi siwezi kuja kukutoa huko. Utajitoa mwenyewe," akaweka simu chini.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Kila kitu kilikuwa kizuri na kila kitu kilimbana: ukuta mweupe, sufuria za shaba, kengele za kanisa, harufu ya mkate. Aliota anatembea kwenye barabara tambarare. Alikumbuka barabara ya New Hope, jinsi ilivyonyooka bila hata mteremko, akashangaa kwamba aliwahi kuiona mbaya. Hakuwa na wa kumlalamikia. Angeanzia wapi kuwaambia watu wa Burnsville kwamba anateseka kwenye kisiwa cha Mtume Paulo?

Jumatatu tarehe nne Agosti aliamua walau aende polisi bandarini kuuliza habari za kuongezewa viza. Alifungua mkoba wake. Pasipoti haikuwemo. Wala grinikadi aliyoiweka ndani yake. Alimwaga mkoba wote kitandani, akatafuta chini ya godoro, kwenye mifuko ya koti ambalo hakulivaa tangu alipofika. Alimwita Mihalis.

Mihalis alizungumza na Kaliopi jikoni. Kaliopi alitikisa kichwa, akapiga ishara ya msalaba, akaendelea kumenya mbilingani bila kuinua macho. Alimenya haraka mno.

"Anasema hajui," alisema Mihalis.

"Na wewe unasemaje?"

Mihalis alijikuna kidevu. "Mimi nauza soda, rafiki yangu."

Siku mbili Zachariah alifanya kazi bila kusema neno, hata la Kimeru. Jumatano, baada ya chakula, Mzee alipolala, alivaa viatu, akafungua mlango, akaanza kushuka. Hakuwa na mpango. Miguu ilishuka yenyewe, ngazi baada ya ngazi, jua likimpiga utosini, jasho likimwingia machoni. Chini mji ulikuwa umejaa watu. Meli ya Rodo ilikuwa imefunga kamba gatini na watu walikuwa wakianza kupanda. Kwenda Rodo hakuna anayedai pasipoti. Huko kuna ofisi, kuna polisi wanaojua Kiingereza, labda kuna mtu wa kumpigia ubalozi. Alikaa kwenye jiwe la kufungia kamba. Alivua viatu akatumbukiza miguu majini, na maji yalikuwa baridi kuliko alivyodhani.

Honi ililia. Baharia kijana alimtazama kama anayeuliza, unapanda au hupandi?

Zachariah alitazama saa. Ilikuwa saa tisa. Saa nane ilikuwa zamu ya kumgeuza Mzee, na imepita. Alijua kinachotokea kwa ngozi ya mzee aliyelalia ubavu mmoja. Alikuwa amekiona kwenye nyumba za wazee, kwenye vyumba ambavyo mtu wa shifti hakutokea. Hakuna Mgiriki aliyemlazimisha wala Elaine aliyempigia. Alivaa viatu juu ya miguu iliyolowa, akaanza kupanda, na alipanda akilia kwa hasira.

Alipofika alisikia sauti kabla hajafungua mlango. Kaliopi alikuwa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, kitambaa kimemtoka kichwani, na kaka yake alikuwa amemwangukia nusu, miguu bado kitandani, kichwa begani pake. Alikuwa amejaribu kumgeuza mwenyewe. Hakuwa na nguvu za kumrudisha wala za kumwachia. Haijulikani walikuwa wamekaa hivyo kwa muda gani. Mzee alikuwa akiongea kwa sauti ya chini, na dada yake akimjibu "ne, ne", yaani ndiyo, ndiyo.

Zachariah alimnyanyua Mzee kwanza, kisha akamwinua mama yule kwa makwapa. Alikuwa mwepesi kama kapu. Alimkagua mikono na nyonga, kama alivyofunzwa. Hapakuwa na palipovunjika. Kaliopi alimshika usoni kwa mikono yote miwili, akamtazama.

Kesho yake asubuhi Kaliopi aliingia na Mihalis jikoni alikokuwa Zachariah. Alitoa chini ya kopo la unga kifurushi cha kitambaa cha vyombo, akakiweka mezani. Pasipoti ilikuwamo, na grinikadi.

"Anasema uliposhuka jana alijua umekwenda," Mihalis alitafsiri, akitazama sakafu. "Anasema ukienda hana wa kumgeuza kaka yake. Elaine atamchukua amweke kwenye nyumba ya wagonjwa, na yeye amemngoja miaka hamsini. Anasema ni dhambi, naye amekwisha kuungama kwa padri. Anasema umsamehe, au usimsamehe, lakini uichukue."

Zachariah aliichukua pasipoti, akaifungua, akaiona sura yake. Viza ilikuwa inaisha Jumamosi. Leo ni Alhamisi.

"Mwambie nakwenda Jumamosi," alisema. "Mwambie aite mtu mwenye nguvu. Jirani yeyote. Na wewe, Mihalis, funga duka."

"Duka?"

"Funga duka. Nitawafundisha kumgeuza."

Siku mbili chumba kile kilikuwa darasa. Alikuja Irini, jirani mwanamke mnene aliyekuwa akibeba mitungi ya gesi tangu mumewe afe. Zachariah aliwaonyesha kwamba mzee hanyanyuliwi kwa mikono, ananyanyuliwa kwa magoti na kwa kumviringisha. Aliwaonyesha namna ya kukunja shuka chini yake na kulivuta, watu wawili, kwa pamoja. Aliwaonyesha mshipi, na mahali pa kukagua ngozi: visigino, nyonga, mwisho wa uti wa mgongo. Mihalis aliwekwa kitandani kama mgonjwa, akalalamika, Irini akamviringisha hadi ukutani, na Mzee Tasos akacheka mpaka akakohoa. Kufikia Ijumaa jioni Kaliopi na Irini walimgeuza Mzee mara tatu bila Zachariah kugusa. Walifanya polepole, na si vizuri kama ambavyo yeye angefanya. Lakini walimgeuza.

Ndipo alipompigia Elaine, yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza.

"Naondoka kesho. Naomba unirudishie tarehe ya tikiti yangu."

"Zach, tulikubaliana."

"Nilisema sawa. Nilikosea kusema."

Elaine alilia. Akamwambia kwamba hajui alivyochoka. Zachariah alisema anajua. Akamwambia kwamba baba yake akipata kidonda mtu atajilaumu maisha yake yote. Zachariah alitaka kukubali, kuomba msamaha, kusema haya basi wiki mbili zaidi. Alishika simu kwa mikono miwili akakaa kimya. Mwishowe Elaine alisema atapiga simu kwa shirika la ndege.

Jumamosi asubuhi alimwosha Mzee mara ya mwisho. Alipomaliza aliinama akamwambia kwa Kimeru kwamba anakwenda nyumbani. Mzee alimkazia macho, kisha akaanza kusema, kwa nguvu, akigonga kitanda kwa ule mkono mzima. Alisema muda mrefu. Zachariah alimgeukia Mihalis aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba wake.

"Anasemaje?"

Mihalis alitikisa kichwa. "Maneno ya mzee," alisema. "Twende, meli haingoji."

Alifika New Hope Jumapili. Velma alikuja uwanja wa ndege na Kendi, akamkumbatia, kisha akamwambia amekonda kama mtu aliyetoka kifungoni. Tarehe kumi na nane aliketi kwenye darasa la unesi, safu ya mbele. Watu wa Burnsville waliomba picha. Alikuwa nazo nne, zote za mandhari kutoka kwenye roshani, na kila aliyeziona alisema, ai, ndugu, Mungu amekupendelea.

Mwisho wa mwezi wa kumi Elaine alipiga simu. Mzee Tasos alikuwa amefariki wiki mbili nyuma, kwa ugonjwa wa mapafu. Alikuwa amezikwa kule juu. Elaine alikuwa amefika kwa mazishi tu. Alimwomba Zachariah aje Apple Valley, kama ana nafasi, na kama hataki asije. Zachariah alifikiria siku nzima, akaenda.

Waliketi jikoni kwake. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka, nyepesi, bado nyasi zinaonekana. Elaine alimwekea chai, akasahau sukari.

"Hakuwa na kidonda hata kimoja," alisema. "Shangazi alinionyesha mwenyewe kabla hawajamvisha. Alitaka nione. Aliniambia nikwambie."

Zachariah aliinamisha kichwa.

"Wewe ulikuwa naye mwezi mzima. Mimi siku sita." Elaine alizungusha kikombe mezani. "Aliniulizia?"

Zachariah alijua jibu analolitaka. Lilikuwa neno moja, dogo, na lingemgharimu nini? Alimkumbuka Mzee akigonga kitanda. Huenda lilikuwa jina la Elaine. Huenda alikuwa akimtukana yeye Zachariah kwa kumwacha, au akiuliza mkahawa umefungwa na nani.

"Alikuwa akiongea sana," alisema. "Kila siku, tangu asubuhi. Mimi sikuelewa."

Elaine alitikisa kichwa polepole, machozi yakimshuka, akasogeza kiti chake karibu. "Basi niambie alivyokuwa akionekana wakati akiongea," alisema.

Zachariah alisogeza chai pembeni, akaanza kumweleza.